Mama Phoebe Asiyo: Kazi Aliyotuachia Jirani Yetu wa Karachuonyo

Maneno haya yalisemwa Nyanchwa na afisa wa mawasiliano wa kaunti, mbele ya vikundi vya akina mama, wazee wa mitaa, wanafunzi na watumishi wa kaunti. Tunayachapisha kwa ajili ya wakazi ambao hawakuweza kufika.



Nimeombwa niseme machache kuhusu mwanamke aliyeutumikia umma maisha yake yote. Nilipotaja jina nililolichagua, mzee mmoja aliniuliza: "Mwanangu, mbona umevuka mpaka? Kwani Gusii haina wanawake?" Ni swali la haki. Wanawake tunao. Kila mtoto wa shule hapa amesikia habari za Moraa wa Ngiti, ambaye mwaka 1908 alimhimiza Otenyo amkabili yule afisa wa Kiingereza, Northcote, ambaye wazee wetu walimwita Nyarigoti. Moraa tunamwimba na tutaendelea kumwimba.

Lakini leo nataka kuzungumza juu ya Phoebe Muga Asiyo, aliyezaliwa tarehe 12 Septemba 1932 na kufariki tarehe 16 Julai 2025 akiwa Marekani, karibu atimize miaka 93. Yeye hakushika mkuki wala hakumtuma mtu aushike. Kazi yake ilikuwa ya kuingia ofisini, kuandika, kukataliwa, kutoka, na kurudi tena. Na matunda ya kazi hiyo yameketi katika Bunge letu la Kaunti hata leo, ingawa wengi wetu hatujui yalipandwa na nani.

Kuhusu mpaka, naomba wazee mnikumbushe. Mama Asiyo alipozaliwa Karachuonyo, hakukuwa na Kaunti ya Homa Bay wala Kaunti ya Kisii. Kulikuwa na wilaya moja iliyoitwa South Kavirondo, baadaye South Nyanza, na makao ya DC yalikuwa hapa Kisii. Hali iliendelea hivyo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mtu wa Karachuonyo mwenye shauri la serikali aliipa ziwa mgongo, akapanda milima hii mpaka boma la Kisii. Kwa hiyo huyu mama alizaliwa mtu wa wilaya yetu.

Na wale wa Nyanchwa mna undugu mwingine naye. Wamishonari Waadventista walifika Gendia, kando ya ziwa, mwaka 1906, na miaka michache baadaye wakafika hapa Nyanchwa. Phoebe alianzia masomo yake Gendia. Kengele iliyomwita darasani na kengele iliyowaita bibi zetu hapa mlimani zilipigwa na watu wa misheni moja. Tofauti ni kwamba wakati ule wasichana wengi, huko na huku, waliambiwa darasa la tatu au la nne linatosha. Mwenye kujua kusoma Biblia na kuandika barua, basi. Yeye aliendelea mpaka chuo cha ualimu cha Kangaru, Embu.

Mwaka 1953 akaajiriwa Nairobi, katika utumishi wa jiji, kuwa mfanyakazi wa ustawi wa jamii. Wazee mnajua Nairobi ya 1953 ilikuwaje. Serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza hali ya hatari mwaka mmoja nyuma. Waume walikuwa wakikamatwa, familia zikihamishwa, na mwanamke wa mtaa wa Waafrika akibaki na watoto bila kujua aende ofisi gani. Fikirini msichana wa miaka 21 aliyetoka kando ya ziwa, akitumwa katika mitaa hiyo. Siku hizi tuna maafisa wa ustawi wa jamii katika kaunti, tunawaona ni jambo la kawaida. Mwanamke Mwafrika katika kazi ile wakati ule alikuwa kitu cha kutazamwa mara mbili.

Miaka hiyohiyo kilikuwapo chama cha Maendeleo ya Wanawake, kilichoundwa mwaka 1952 na kuongozwa kwanza na wanawake wa Kizungu. Mafunzo yake yalikuwa ya usafi, kushona, kuoka mikate. Sina ubaya na mikate. Lakini Mama Asiyo na wenzake waliona kwamba mahali wanawake wanapokutana kila wiki panaweza kujadili zaidi ya unga. Mwishoni mwa miaka ya 1950 akawa kiongozi wa chama hicho, na anahesabiwa kuwa Mwafrika wa kwanza kukiongoza. Kabla ya Uhuru alikuwa miongoni mwa akina mama waliokwenda kuonana na Jomo Kenyatta alipokuwa kizuizini, kumweleza wanawake wanatarajia nini katika Kenya inayokuja. Wanasiasa wengi walikwenda kumwona Kenyatta siku zile, kila mmoja na shauri lake. Akina mama hao walitaka shauri la wanawake lifike mezani kabla meza haijaandaliwa. Nyinyi wenye vikundi vya kuweka akiba, mnaokutana kila Jumatano na daftari na kisanduku cha kufuli tatu, mtambue kwamba mnafuata njia iliyokwisha kupitwa.

Sasa nije kwenye sehemu ya maisha yake inayonigusa zaidi, nayo haitajwi sana: magereza.

Mama Asiyo alijiunga na idara ya magereza, na mwaka 1963, mwaka uleule wa Uhuru, akawa mwanamke Mwafrika wa kwanza kufikia cheo cha msimamizi mwandamizi. Alichokikuta ndani kilikuwa cha aibu. Magereza yalikuwa yamejengwa kwa ajili ya wanaume, na mwanamke aliyefungwa aliingizwa tu humo, pembeni. Alipigania jambo ambalo ukilisikia leo utasema, kwani lilihitaji kupiganiwa? Kwamba wanawake wafungwe mahali pao, mbali na wanaume, na walindwe na wanawake wenzao.

Tulieni kidogo hapo. Mwanamke mfungwa ndiye mtu asiye na msemaji. Hana kura ya kumtisha mbunge, na mara nyingi jamaa wameacha kumtembelea. Mume akifungwa, mke hubeba chakula na kupanga foleni getini. Mke akifungwa, hatuna budi kusema ukweli, wengi huoa mwingine. Huyo ndiye Mama Asiyo aliyeanza naye. Nani anamkagua mlangoni? Anapokuwa mjamzito, nani anaamka usiku akimsikia? Mtoto anyonyaye analala wapi? Leo sheria yetu inaruhusu mtoto mdogo akae na mama yake gerezani mpaka afike miaka 4, na hapa mjini Kisii wanawake wana gereza lao. Ukipita nje ya ukuta ule ukienda sokoni, huwezi kujua kwamba mpango wa kuwatenga wanawake na wanaume ulidaiwa na mtu, tena kwa barua na vikao, na mtu ambaye hakuwa na ndugu humo ndani.

Baada ya hapo akaingia siasa. Sitakaa sana kwenye kampeni, maana siasa za Karachuonyo za miaka ile zingetuchukua mpaka jioni. Alikuwa mbunge wa Karachuonyo kuanzia 1980 hadi 1983, akakaa nje miaka mingi, kisha akarudi kwa uchaguzi wa vyama vingi wa 1992. Katika uchaguzi huo maeneo bunge yote ya Kenya yalikuwa 188, na wanawake waliochaguliwa walikuwa 6: yeye, Charity Ngilu, Martha Karua, Agnes Ndetei, Nyiva Mwendwa na Mary Wanjiru. Wanawake 6 kwa wanaume 182. Ukipiga picha ya Bunge lile kutoka roshani, ungetafuta vitambaa vya kichwa kama mtu anayetafuta mahindi mekundu kwenye debe la meupe.

Mwaka 1997 Mama Asiyo alisimama katika Bunge hilo akaleta hoja ya kutaka sheria iwatengee wanawake nafasi katika uongozi. Hoja ikaangushwa, tena vibaya. Mwaka huohuo muda wake wa ubunge ukaisha, akiwa na miaka 65. Wengi wetu hapo tungesema nimefanya sehemu yangu, tukarudi kulima.

Yeye alifanya mambo mawili. La kwanza, hoja haikuzikwa. Mwaka 2000 Beth Mugo aliirudisha Bungeni kwa sura nyingine. La pili, Kenya ilipoanza kuandika Katiba mpya, Mama Asiyo akawa mmoja wa makamishna wa Tume ya Marekebisho ya Katiba, ile ya Profesa Yash Pal Ghai. Ile hoja iliyoangushwa na wabunge sasa ilikuwa inapitia mlango mwingine, mlango wa wananchi wenyewe.

Baadhi yenu mnaikumbuka tume hiyo. Mwaka 2002 vikao vyake vilifika katika kila eneo bunge nchini, pamoja na yale 10 ya Gusii ya wakati huo. Watu waliketi kwenye madarasa na kumbi za makanisa, wakasema mbele ya kinasa sauti. Wanawake nchi nzima walizungumza juu ya shamba ambalo jina lake haliandikwi la mke, juu ya mjane anayefukuzwa na shemeji zake, juu ya uongozi. Kama mama yako alisimama siku ile akasema neno, neno lake liliandikwa na limo katika kumbukumbu za tume.

Safari ya Katiba haikuwa fupi. Rasimu ya kwanza iliyopelekwa kwa wananchi ilikataliwa Novemba 2005. Iliyofuata ilikubaliwa tarehe 4 Agosti 2010, ikaanza kutumika tarehe 27 ya mwezi huo. Ndani yake mna maneno haya, nayaweka kwa Kiswahili rahisi: katika chombo chochote cha umma cha kuchaguliwa au kuteuliwa, watu wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili. Kifungu cha 27 kinasema hivyo, na cha 81 kinakirudia kwa upande wa uchaguzi. Angalieni pia kwamba hakikusema wanawake. Kikisema jinsia moja, siku wanaume wakipungua kitawalinda wao.

Katika kaunti, kanuni hiyo inafanya kazi. Kaunti yetu ya Kisii ina wadi 45; wenzetu wa Nyamira wana 20. Kila uchaguzi ukiisha, wadi zikiwa zimejaa wanaume, kifungu cha 177 kinaagiza viti vya ziada viongezwe, kutoka orodha za vyama, mpaka theluthi itimie. Ndio hao wawakilishi wateule mnaowaona. Najua wanavyotaniwa. Wanaambiwa hawana wadi, hawana watu, wamepewa kiti cha bure. Mtu anayesema hivyo hajui kwamba kiti hicho kilidaiwa kuanzia enzi za chama kimoja, kikanyimwa Bungeni mwaka 1997, kikaandikwa na tume, kikakataliwa pamoja na rasimu nzima 2005, kikapatikana 2010. Hicho si kiti cha bure. Anayekikalia aulizwe amefanya nini nacho, hilo ni sawa kabisa, na mimi ningependa aulizwe mara kwa mara. Lakini asiulizwe kwa nini kipo.

Katika Bunge la Taifa, kanuni haijatimia mpaka leo. Kila kaunti huchagua mwakilishi wa wanawake, nao ni 47, lakini hawatoshi. Mswada wa kuitekeleza kanuni unahitaji kura 233 kati ya wabunge 349. Umeletwa zaidi ya mara moja, na kura hizo hazijapatikana. Wakati mwingine wabunge wenyewe hawakufika ukumbini kutimiza hesabu. Septemba 2020, Jaji Mkuu David Maraga, mwana wa Nyamira, alimwandikia Rais kumshauri avunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria hiyo. Sizungumzii siasa za sasa, tafadhali, nanukuu historia tu. Bunge halikuvunjwa, na jambo likaishia mahakamani. Ninachotaka mwone ni hiki: mama wa Karachuonyo alianzisha, na miaka 23 baadaye mtu wa Nyamira akaweka sahihi. Ziwa na mlima vilikutana kwenye karatasi moja.

Sasa kuna jambo ambalo lazima nilitaje, hata kama halifurahishi, maana tumekusanyika Gusii na si Homa Bay. Mwaka 2022 Wakenya walichagua magavana wanawake 7. Mmoja wao ni Gladys Wanga wa Homa Bay, kaunti ya nyumbani kwa Mama Asiyo, na mama mwenyewe alikuwa hai kuiona siku hiyo. Maeneo bunge nchini yalichagua wanawake 29. Hapa kwetu, Kisii ina maeneo bunge 9 na Nyamira 4. Jumla 13. Yote 13 yalichagua wanaume.

Siwalaumu waliochaguliwa, walishinda kwa kura. Wala sisemi mtu apigiwe kura kwa sababu ya sketi. Lakini sisi ni watu ambao katika Ekegusii mama mzazi tunamwita "baba". Mgeni akisikia mtu mzima analia "baba, baba" msibani hudhani anamlilia babake, kumbe ni mama. Tunajua uzito wa mwanamke nyumbani. Ndiye anayelima, anachuma chai, anauza ndizi Daraja Mbili, anapeleka mtoto shule ya malezi, anahesabu karo. Kwa hiyo siamini kwamba tatizo ni kukosa watu wanaofaa. Naamini tatizo linaanza mapema zaidi ya debe la kura, na kazi yangu inanipa nafasi ya kuliona.

Mimi huzunguka wadi kwa wadi nikipiga picha na kuandika taarifa za vikao vya maoni ya umma. Akina mama huja. Mara nyingi ndio wengi. Lakini tazameni nani anapewa kipaza sauti. Kinaanza kwa mzee aliye mbele, kinapita kwa kijana wa bodaboda, kinarudi kwa mzee mwingine ambaye tayari amesema, halafu mwenyekiti anasema saa zimekwisha, tuombe tuende. Mama wa safu ya nyuma aliyetembea kutoka mtoni kuja kusema juu ya zahanati isiyo na maji anarudi na neno lake tumboni. Mwaka ujao hatakuja. Na mtu ambaye hajawahi kusikika katika kikao cha wadi, tutamwonaje siku akisema anataka kuwa mbunge?

Kwa sababu hiyo, na kwa kuwa ni wajibu wa ofisi yangu, naomba mshike tarehe 3. Mpango wa maendeleo wa kila mwaka hupelekwa Bunge la Kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Waraka wa sera ya fedha, unaosema kila idara itapata kiasi gani, hufika kufikia tarehe 28 Februari. Makadirio ya bajeti yenyewe kufikia tarehe 30 Aprili. Ukija na ombi la zahanati mwezi Juni, umechelewa; pesa zimekwisha gawanywa. Njoo kabla. Kikundi kikiandika maoni yake kwenye karatasi, kikaweka jina la kikundi na sahihi za wanachama, kikapeleka kwa msimamizi wa wadi na kubaki na nakala iliyopigwa muhuri, hakuna anayeweza kusema hakusikia. Hauhitaji kipaza sauti kuandika. Mama Asiyo aliyafanya mengi kwa njia hiyo ya karatasi.

Nimalizie na hili moja. Aliwahi kuwa balozi wa hisani wa shirika la Umoja wa Mataifa la wanawake, akafika miji mikubwa ya dunia. Lakini heshima ambayo wazee wa nyumbani huizungumzia ni kwamba Waluo walimkubali kuwa mzee wa jamii, mwanamke wa kwanza kupewa nafasi hiyo. Mnajua jambo hilo lina maana gani kwa watu wetu wa Nyanza, ambako baraza la wazee ni la wanaume na mwanamke huleta chai kisha akaondoka. Yeye aliketi. Walizungumza juu ya ardhi na ndoa na vifo naye akiwa ameketi hapo. Nimewauliza wazee wawili wa hapa kama omong'ina anaweza kuketi hivyo katika baraza la Gusii. Mmoja alicheka. Mwingine alinyamaza, akasema atafikiri. Yuko hapa leo, sitamtaja, lakini tunaweza kumuuliza amefikia wapi.

Tuna dakika 40 za maswali kabla ya chakula. Kipaza sauti kitaanzia safu ya nyuma kabisa, kule walikoketi akina mama wa vikundi, na hakitafika mbele mpaka watakapomaliza. Wazee wangu, mtanisamehe. Karibuni, mama aliye karibu na mlango, tuanze na wewe.